Mkokoteni Tuliokwenda Kuuchukua Wenyewe

Siku ile tulikuwepo watu wanne na punda mmoja. Nilikuwepo mimi, kifungua mimba wa nyumba yetu. Alikuwepo ndugu yangu anayenifuata, kijana wa mwaka wa pili chuo kikuu, anayesomea mambo ya biashara. Alikuwepo kitinda mimba wetu, msichana wa kidato cha tatu, aliyekuwa nyumbani kwa likizo. Alikuwepo shangazi, dada ya marehemu baba, ambaye ameolewa Ndalu na ambaye hakuna jambo la ukoo wetu linalofanyika bila yeye kufika na kulikosoa. Na alikuwepo punda wetu jike, wa rangi ya majivu, ambaye kati yetu sote ndiye pekee aliyesema wazi kwamba hataki kwenda Kitale.

Tulikwenda kuchukua mkokoteni mpya. Kazi yangu ni maji. Nyumbani ni kati ya Chwele na Kibabii, na kuzunguka chuo kumejengwa hosteli nyingi za wanafunzi, zote zikiwa na mabomba yanayong'aa kwa sababu hayajazoea kupitisha kitu. Kwa miaka mingi nilikuwa nikiwapelekea maji kwa mgongo wa punda, madumu mawili upande huu, mawili upande ule. Mwaka huu, shule zilipokaribia kufunguliwa, mwangalizi wa hosteli iliyo kubwa kuliko zote aliniita langoni.

"Mama, wanafunzi wanarudi Jumatatu," akasema. "Ukija Jumatatu asubuhi na mkokoteni, kazi ya maji hapa ni yako mwaka mzima. Ukija na hayo madumu yako manne, nampa mtu wa pikapu. Mimi sitaki watu wanigongee mlango wakiwa na sabuni machoni."

Mwaka mzima wa maji katika hosteli ile ulikuwa ni karo ya kitinda mimba mpaka amalize. Bila kazi ile, angekaa nyumbani muhula ukianza, na mimi najua nyumbani kunavyokaliwa na mtu aliyeacha shule. Kwa hiyo nilihitaji mkokoteni, na niliuhitaji kabla ya Jumatatu.

Mikokoteni ya kudumu inatengenezwa Kitale. Kuna fundi huko mwenye uwanja wa kuchomelea vyuma anaouita kiwanda. Ananunua ekseli za magari yaliyokufa na trela zilizochoka katika mashamba makubwa, anazigeuza mikokoteni, na mikokoteni yake huizoea barabara mbaya mpaka ukadhani inaipenda. Mmoja nilikuwa nimeshauagiza kwa simu miezi iliyopita, nikilipa kidogo kidogo, na wiki ile nikamaliza. Siku niliyomaliza akaniuliza kama aniletee, akataja gharama ya kuleta. Ilikuwa karibu sawa na bei ya magurudumu yote mawili pamoja na tairi zake.

"Tutakuja kuuchukua wenyewe," nikamwambia.

Ndugu yangu alikuwa anasikiliza. "Dada, tutaurudisha na nini?"

"Una magurudumu. Punda atauvuta."

"Punda si yuko huku?"

"Atakwenda Kitale."

"Vipi? Kwa miguu?"

"Kwa pikapu."

Hapo inabidi nieleze, kwa sababu mpaka leo watu hunicheka bila kunisikiliza. Pikapu za kabichi huteremka kutoka Kitale zikiwa zimejaa, zinashusha Chwele, kisha zinarudi tupu. Dereva mmoja nilikuwa nikimpelekea maji ya kuoshea gari lake. Alikubali kumpandisha punda Kitale kwa bei ya chai, kwa sababu anakwenda tupu. Kurudi na mkokoteni hakuweza, kwa sababu anarudi amejaa. Kwa hiyo punda apande gari kwenda, halafu avute mkokoteni kurudi. Mimi sioni kilicho cha kuchekesha.

Ndugu yangu alipiga hesabu kichwani, midomo ikicheza. Akasema kwamba tukilipa tuletewe, tutapoteza pesa lakini tutaokoa siku mbili. Nikamwambia siku zangu hakuna anayezinunua, kwa hiyo hazina bei. Akasema katika somo lake jambo hilo lina jina. Sikumuuliza jina.

Sababu yenyewe sikumwambia, ingawa alikuwepo ilipozaliwa. Wazazi walipotutoka nilikuwa darasa la saba, nikaiacha shule nikashika nyumba. Miaka ile tulikuwa watu wa kuletewa. Tuliletewa mablanketi, tuliletewa mahindi, tuliletewa sare za shule ambayo hatukuwa tunasoma. Watu walikuwa wema na siwezi kusema vingine. Lakini kitu ulicholetewa huwezi kukipindua ukakitazama chini mbele ya aliyekileta. Mimi niliwahi kuletewa viatu viwili, vyote vya mguu wa kushoto. Nikashukuru, na tukapigwa picha navyo. Tangu nilipoanza kununua vitu kwa pesa yangu, navifuata vilipo. Hata kitanda nilikifuata Chwele, nikakibeba kichwani mpaka nyumbani.

Ijumaa asubuhi tulimpandisha punda. Ilichukua watu wa nusu ya soko. Wengine walisukuma, wengine walivuta, wengine walitoa ushauri.

"Mama, huyo anaenda kusoma ama kuolewa?" mmoja akauliza.

"Anaenda kuchukua gari yake Kitale," nikasema.

"Na si ungempa tu nauli!"

Alipokwisha kupanda, punda alibadilika. Aliweka kichwa juu ya paa la dereva, akatazama mbele, masikio yakapigwa na upepo, na akasafiri hivyo mpaka mwisho. Karibu na Kamukuywa tulisimamishwa na polisi. Afande akatuzunguka, akamtazama ndugu yangu aliyeketi nyuma miguuni pa mnyama.

"Na huyu mwenye masikio?"

"Huyo ndiye dereva, afande," ndugu yangu akamjibu. "Tunampeleka akachukue gari yake mpya."

Afande alicheka mpaka akasahau kutuambia tuondoke. Tulijiondokea wenyewe.

Shangazi alikuwa amefika Kitale kabla yetu kutoka Ndalu, na tulipoingia kiwandani alikuwa tayari ameshagombana na fundi kuhusu rangi. Rangi ilikuwa ya buluu na haikuwa na kasoro. Mkokoteni wenyewe ulikuwa mzuri kuliko nilivyouota. Mbao zilikuwa zimekazwa kwa nati kubwa, ekseli imepakwa grisi, tairi zina meno. Niliuzunguka, nikachuchumaa, nikautazama chini. Nilikuwa nimekwenda Kitale kwa ajili hiyo, kuutazama chini. Nikasimama nikafika mbele, na hapo ndipo nilipoona.

"Fundi, huu mti mmoja hapa katikati ni wa nini?"

"Ni wa kuvutia, mathe. Punda mmoja huku, mwingine huku, nira inakaa juu yao. Hiyo ni chuma, si mchezo."

"Mimi nina punda mmoja."

Fundi akamtazama punda wetu. Akachungulia nyuma yake, kama mtu anayetarajia mwingine ajitokeze.

"Mmoja peke yake? Sasa mathe, nani ana punda mmoja?"

Kwetu Bungoma punda huvuta akiwa peke yake, katikati ya miti miwili. Upande wa Kitale, kwa sababu ya magunia ya mahindi, huvuta wawili wawili, na mti ni mmoja katikati yao. Mimi kwenye simu nilisema nataka mkokoteni wa punda. Sikusema mmoja, kwa kuwa kwetu hakuna anayesema. Yeye hakuuliza wangapi, kwa kuwa kwao hakuna anayeuliza.

"Basi geuza," nikamwambia. "Kata huo, weka miwili."

"Stima imepotea tangu asubuhi, na kesho niko na harusi. Kuja Jumanne."

"Na mkituletea?" ndugu yangu akauliza, akinikwepa macho.

"Lori imeenda Lodwar. Inarudi Jumanne."

Kila kitu Kitale kilikuwa Jumanne. Mimi nilihitaji Jumatatu. Tulisimama pale, watu wanne tukiuzunguka mti mmoja wa chuma. Kisha shangazi akaanza kumtazama ndugu yangu, kuanzia mabegani akishuka, vile watu wanavyotazama ng'ombe sokoni Chwele.

"Shangazi, hapana," ndugu yangu akasema.

"Mimi nimesema kitu?"

"Naona unavyoniangalia."

"Si wewe ndiye mwanaume hapa? Huo uji wote wa dada yako ulikuwa unaenda wapi?"

"Kwa kichwa! Ulienda kwa kichwa! Mimi nasoma!"

"Mpaka Ndalu tu," nikamwambia. "Shemeji yake shangazi ana punda. Tukifika huko tutaazima wa pili."

Ndugu yangu anaijua sauti yangu. Akavua viatu vizuri, akaviweka kwenye mkokoteni, akakunja suruali, akaingia chini ya nira upande wa kulia. Punda alikuwa upande wa kushoto. Punda aligeuza kichwa akamtazama mwenzake mpya, kisha akageuza uso kando kama mtu aliyeketishwa na asiye wa kiwango chake.

Hivyo ndivyo tulivyotoka Kitale mjini mchana kweupe. Kitinda mimba alitangulia akishika kamba ya punda. Mimi nilishika nyuma kwenye miteremko. Vijana wa bodaboda waliacha abiria wao barabarani ili waje watuone vizuri.

"Niaje! Huyo wa kulia anakula nyasi kiasi gani kwa siku?"

"Bana, wa kushoto ndiye anafanya kazi! Huyo mwingine anajificha!"

"Ni kweli!" ndugu yangu akawajibu, jasho likimtiririka. "Wa kushoto ndiye ameajiriwa. Mimi niko tu atachimenti, najifunza kazi!"

Walimpigia honi za heshima. Baada ya hapo alivuta vizuri zaidi. Kitinda mimba alipotoa simu yangu mfukoni, alimwambia bila kusimama, "Ukipiga hiyo picha, utajilipia karo mwenyewe." Simu ikarudi mfukoni.

Tulipopita Kiminini, ndugu yangu akasema, "Dada, mkokoteni umekuwa mzito."

Nikageuka. Shangazi alikuwa amepanda polepole, ameketi katikati ya mbao, miguu ameinyoosha.

"Ni upepo," shangazi akasema.

Tulipoingia boma la shemeji yake huko Ndalu, jua lilikuwa limetoka tu kugusa Mlima Elgon na kuzama nyuma yake. Shemeji alikuwa mzee mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, na alikuwa amesimama mlangoni. Alitukaribisha kwa furaha, akaagiza maji ya kunawa, akamtazama ndugu yangu akiwa ndani ya nira, akaamua kutouliza. Nami nikaanza kumweleza shida yetu ya punda. Akainua mkono.

"Mwanangu, jua limezama. Sabato imeingia. Mambo ya biashara mpaka kesho likizama tena."

Hilo shangazi alikuwa amesahau kutuambia. Sasa akakumbuka kwa hasira.

"Shemeji, hilo halijazama. Limejificha nyuma ya mlima. Watu wa Uganda bado wanaliona!"

"Basi ungeolewa Uganda," mzee akasema, akaingia ndani.

Jumamosi yote tulikaa Ndalu. Nilimwomba mzee anipe punda tu niende, malipo tutazungumza baadaye, lakini alinieleza kwa upole kwamba amri ya kupumzika inamtaja hata punda, na kwamba punda wake wameizoea. Na kweli walikuwa wamelala chini ya mti, wamekunja miguu, na wetu alikuwa amelala pamoja nao kama mtu aliyezaliwa katika dini hiyo. Tulikwenda kanisani asubuhi tukatoka jioni. Watu waliimba vizuri, na mimi niliimba nikihesabu barabara: Ndalu, Kamukuywa, Kimilili, Chwele, nyumbani. Ikiwa tutaondoka Jumapili kabla ya jua, tutafika. Ikiwa kitu kimoja kitakwenda vibaya, mtu wa pikapu atapata karo ya mdogo wangu. Ndugu yangu hakuweza hata kuinua mkono kushika kitabu cha nyimbo, mabega yalikuwa yamekufa. Mzee aliwaonyesha watoto. "Muone huyu kijana wa kutoka Chwele. Yeye ameshika Sabato kweli kweli. Hata mkono hainui."

Jioni tukaketi nje tukilitazama jua. Likagusa mlima. Likaingia nyuma yake. Nikasimama.

"Keti kidogo," mzee akasema. "Si jana shangazi yako alisema watu wa Uganda bado wanaliona? Tuwangoje."

Tukawangoja watu wa Uganda. Shangazi alitazama vidole vyake vya miguu muda wote. Giza liliposhika ndipo mzee akawa tayari, na alikuwa ameshafikiria kila kitu, ijapokuwa ilikuwa Sabato.

"Pesa sitaki," akasema. "Nikikukodisha punda, unanilipa, tunamalizana, hunijui tena. Nitakupa dume langu ukae nalo. Jike lako likizaa, mtoto wa kwanza ni wangu. Siku hiyo utaniletea mtoto na baba yake, hapa Ndalu. Baada ya hapo watakaofuata ni wako."

Hiyo ni desturi ya huku tangu zamani, kumpa mtu mnyama akae naye na kumrudishia mwenyewe uzao wa kwanza. Kwa ng'ombe nimeiona mara nyingi. Kwa punda ilikuwa mara ya kwanza.

"Na asipozaa, mzee?" ndugu yangu akauliza.

"Basi tutaendelea kujuana."

Nikampa mkono.

Jumapili tuliondoka kukiwa bado na umande. Dume la mzee lilikuwa kubwa, jeusi mgongoni, lenye shingo ya kiburi, na lilivuta kiasi kwamba wetu alibaki na kazi ya kusindikiza. Shangazi alisema anakuja nasi kama mdhamini, akapanda. Ndugu yangu alitembea mbele mikono mfukoni, amevaa viatu vizuri, akiwasalimu watu kama diwani. Nilianza kuimba. Halafu dume likasimama.

Lilisimama mbele ya duka la bati kando ya barabara, likaweka masikio wima, likawa kama limechimbiwa. Tulivuta. Tulisukuma. Kitinda mimba alilionyesha jani la kabichi, likala jani likabaki palepale. Mwanamke aliyekuwa akichoma mahindi pale kando alitutazama tukihangaika mpaka akaona inatosha.

"Huyo si anangoja mshushe?"

"Tushushe nini, mama?"

"Hii si ni nyumba ya kusaga unga? Huyo amezoea kuleta mahindi. Hawezi kutoka kwa kinu kabla mzigo haujashuka."

"Lakini hatuna mzigo."

Mwanamke akainua macho, akamtazama shangazi pale juu. Aligeuza hindi lake.

"Shangazi," nikasema, "shuka kidogo."

"Mimi?"

"Kidogo tu."

Akashuka akilaumu. Miguu yake ilipogusa ardhi, dume lilipumua, likatikisa kichwa, likaondoka kwa mwendo wa furaha. Shangazi ilibidi atukimbilie.

Sikuwahi kujua kwamba ukanda wetu una vinu vya kusaga vingi kiasi kile. Vingine vilikuwa vimefungwa kwa sababu ni Jumapili, lakini dume lilivijua kwa harufu. Kila penye kinu lilisimama, na kila liliposimama shangazi alishuka, akahesabiwa kuwa ameshushwa, akapanda tena. Tulijaribu kumshusha kabla hatujafika, ili kusiwe na mzigo kabisa; dume lilikataa, likasimama hata hivyo, likimtafuta. Lilitaka kuona akishuka mbele ya mlango.

"Leo mimi ni gunia," shangazi akasema tulipokaribia Kimilili.

"Gunia haliongei, shangazi," kitinda mimba akasema.

"Ongea hivyo tena na karo yako utaomba kwa huyu punda."

Mbele ya Kimilili shangazi aligoma. Alisema yeye ni mtu mzima, mama wa watoto, mkwe wa watu, na hawezi kupimwa barabarani kama mahindi. Alikunja mikono. Dume nalo lilitulia. Tulikaa pale wote, magari yakitupita, jua likipanda, na mimi nikimtazama kitinda mimba ambaye alikuwa ameketi kwenye jiwe na hacheki tena. Nadhani shangazi alimwona pia. Alishuka bila kuambiwa, na akabisha hodi kwenye mlango wa kinu uliofungwa, ili mambo yakamilike.

Tulipita Chwele jioni na tukafika nyumbani giza likiingia. Shangazi alilala na viatu.

Jumatatu asubuhi tuliamka kabla ya jogoo wa jirani. Tulijaza madumu yote, yetu na ya kuazima, tukayapanga kwenye mkokoteni. Shangazi tulimwacha akikoroma, kwa kuwa safari hii tulikuwa na mzigo wa kweli. Punda walivuta kama waliozaliwa pamoja. Tulifika mbele ya hosteli, mwangalizi alikuwa langoni akitazama saa yake, na mimi nilikuwa nimeanza kutabasamu, wakati ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, mashine iliponguruma.

Nilikuwa nimepita mbele ya kile kinu kila siku kwa miaka na sikuwahi kukiona.

Dume likakata kona, likavuka barabara na mkokoteni na jike na maji yote, likasimama mlangoni pa kinu.

"Mama!" mwangalizi akaita. "Lango liko huku!"

"Nimeliona!"

"Sasa unangoja nini huko?"

Nilivuta kamba ya dume kwa mikono miwili. Na wakati huohuo pikapu yenye tangi ikatokea kwenye kona, ikipiga honi, ikapunguza mwendo mbele ya lango, na mwangalizi akaanza kulifungua. Kitinda mimba alinishika mkono.

"Shusheni," nikasema.

"Yote?" ndugu yangu akauliza.

"Yote."

Tulishusha madumu tukiyapanga mbele ya kinu, moja baada ya jingine. Hatujafika nusu, msichana mmoja alitoka hosteli amevaa ndara, taulo mabegani, mswaki mdomoni, ndoo mkononi. Alitazama pikapu ambayo dereva wake alikuwa bado anarudi nyuma, anakwenda mbele, anatafuta mpira wa maji chini ya kiti. Akatazama upande wetu. Akavuka.

"Mathe, maji ni hapa?"

"Ni hapa," nikasema.

Nyuma yake wakaja wengine, na wengine nyuma yao. Dereva wa pikapu alipopata mpira wake, foleni ilikuwa imevuka barabara na nusu ya hosteli ilikuwa imeshaoga. Alifunga mlango wake, akaondoka. Mwangalizi akavuka polepole, mikono nyuma.

"Kwa nini hukuingia ndani?"

"Niliona wakichotea hapa, matope hayataingia kwako."

Alitazama sakafu yake safi kupitia lango. Alitazama tope lililokuwa limeshaanza mbele ya kinu cha watu.

"Hiyo ni kweli," akasema. "Hawa watoto wanamwaga sana. Basi kila asubuhi, hapahapa."

Mpaka leo maji ya hosteli yanachotewa mlangoni pa kinu. Mwenye kinu hakulalamika, kwa sababu wanafunzi wakisubiri maji hununua unga. Mwangalizi huwaambia watu kwamba ulikuwa mpango wake. Kitinda mimba alirudi shule wiki ileile, karo ikaanza kulipwa, na anaandika barua za kuuliza hali ya punda kabla ya kuuliza yangu. Ndugu yangu amepiga hesabu upya mara kadhaa, na anasema ukiweka kila kitu, pamoja na mabega yake, kuletewa kungekuwa rahisi. Mimi namwambia kuletewa kungetupa mkokoteni wa punda wawili na punda mmoja, siku ya Jumanne.

Shida iliyobaki ni moja. Kila Jumamosi, giza likishaingia sawasawa, simu inalia kutoka Ndalu.

"Mwanangu, jike limeshika mimba?"

"Bado, mzee."

"Wape muda. Sina haraka."

Nami nawapa muda. Nimewawekea nyasi nzuri, nimewapanulia zizi, nimewaondolea taa. Shangazi amekuja mara mbili kuwatazama na kuwakosoa. Daktari wa mifugo amewapima akasema wote ni wazima, hana la kuongeza. Mchana wanavuta bega kwa bega, hatua moja, pumzi moja, mpaka watu wanasimama kuwasifu. Jioni nikiwafungua, hawajuani. Mwaka wa mimba ya punda haujaanza hata kuhesabiwa, na baada yake kuna safari ya kwenda Ndalu na mtoto na baba yake, kupita kila kinu. Deni lipo zizini. Nimetoka kuliangalia sasa hivi: jike limetazama ukuta huu, dume limetazama ule.